Mzani wa Jumamosi

Sokoni Kiboriloni, Mama Ndeshi ananichagulia jogoo
aliyekwisha kunyonyolewa, shingo imelegea kama soksi.
Chini ya ngozi, penye paja na mkia,
mafuta ya manjano.
"Huyu amenona," anasema,
na kwetu kunona ni sifa.

Nyumbani Baba ananingoja na karatasi ya kliniki.
Ameikunja mara nne, ameitia katika kitabu cha nyimbo.
*Lehemu: imezidi.* Mistari miwili chini, kalamu nyekundu.
Ananiuliza lehemu inakaa wapi kwenye kuku,
kama mtu anayeuliza mgeni amelazwa chumba kipi.

Ninao mzani mdogo wa kupimia unga wa keki.
Paja bichi: gramu mia mbili.
Nalichemsha kwa chumvi na kitunguu, nalikausha kidogo juu ya mkaa,
nalirudisha mzanini:
mia na arobaini.
Baba anapiga kofi. "Umeona! Moto umeyala!"

Hapana, Baba. Moto umekunywa maji.
Mafuta, baadhi, yamekimbilia kwenye mchuzi,
mengine yamedondoka na kuufanya mkaa ulie.
Lehemu haikwenda mbali. Imo humo humo nyamani,
imejibana tu, kama ndugu wa marehemu
waliopewa chumba kimoja.
Ukipima gramu mia za nyama mbichi na gramu mia za iliyoiva,
iliyoiva ndiyo yenye lehemu zaidi.

Ananyamaza. Anakuna kidevu.
"Kwa hiyo nile mbichi?"
Tunacheka mpaka Eliawony wa jirani anachungulia juu ya ua.

Ngozi naivua.
Anaisindikiza kwa macho hadi kwenye bakuli la mbwa.

Halafu firigisi.
Miaka arobaini ilimjia bila kuitwa,
Mama akiigeuza sahani ili imwelekee mkono wa kulia.
Nani atamwambia mwenye nyumba
kwamba heshima yake imebeba lehemu
zaidi ya mara mbili ya kidari?
Sikumwambia. Niliikata nusu,
nusu nikaifunika kwa kawa, juu ya kabati.

Usiku ule mchuzi ulilala jikoni.
Baridi ya mwezi wa saba ilishuka kutoka mlimani,
asubuhi sufuria ilikuwa na utando mweupe, mgumu.
"Kibo imehamia kwetu," akasema Baba.
Niliukwangua kwa kijiko;
chini yake mchuzi mwepesi, unaona kitako cha sufuria.

Kliniki walimpima naye pia.
Kabla ya msiba, sabini na nne. Sasa sitini na moja.
Nesi aliandika: *amepungua.*
Mimi nilimtazama anavyovaa koti.
Ubishi, ule ule.
Jina la Mama kila sentensi ya tatu,
na namna ya kulitamka, akilipunguzia sauti
kama taa ya chemli.
Kilichomtoka ni maji tu.

Nilitoka nje kuchuma limau.
Niliporudi kawa ilikuwa imelala chali
na ile nusu ya firigisi haipo.
"Paka," akasema Baba,
akijifuta midomo kwa leso.

Hatujawahi kufuga paka.