Trei ya Mayai

Saa kumi na mbili kasoro robo, tanuri bado halijafunguliwa mdomo,
nasimama mlangoni na trei ya mayai:
matundu thelathini, simu thelathini.
Vlasta huibusu yake kwanza.
Bohuslav huibwaga shingo upande, kama mtu anayelipa faini.

Amri ilitoka Praha,
kwa watu wasiowahi kubeba moto kwenye ncha ya bomba.
Niliiunga mkono. Nilikuwa nimeona mwenyewe:
kioo kibichi, chekundu kama ulimi,
hakijui neno "subiri".
Ukigeuka kidogo uone nani kakupendea picha
kimeshalegea, kimeinama, kimekuwa kitu kingine,
si bilauri, si jagi,
ni aibu tu sakafuni.

Tulikuwa tukivunja vyombo kumi na tisa kwa wiki.
Tukashuka hadi sita.
Meneja akaleta keki.

Lakini hivyo sita vina mwenyewe.
Radim. Fundi kuliko sisi sote,
apulizaye shingo ya chupa kama anayemnong'oneza mtoto.
Siku hizi anapuliza, sikio liko kwenye trei,
zinakotetemeka, zikigonga kadibodi
kama vifaranga vinavyotaka kutoka.
Baba yake, kule Ostrava, hutoka na ndara kwenye theluji
akiutafuta mgodi uliofungwa zamani.
Jirani ndiye hupiga.
Radim aliniomba mara moja tu. Nikamwambia sheria ni msumeno.

Msumeno, naam.

Jumatano usiku nilikuwa kwenye tanuri la kupozea.
Kazi yangu ni kushusha joto, nyuzi chache kila robo saa,
kioo kiizoee dunia polepole.
Mwanangu akatuma picha ya paka kavaa soksi.
Nikacheka. Nikajibu. Akajibu.
Kisha nikasikia: ti. Ti-ti.
Ti.
Vyombo arobaini vikipasuka gizani,
kwa adabu, kimoja kimoja.

Kwenye ripoti nimeandika: hitilafu ya mtambo.

Leo nimesimama mlangoni tena.
Radim anasogea, kaishika yake kwa mikono miwili.
"Hiyo kaa nayo," nasema.
Ananitazama kana kwamba nimekosea jina lake.
Tundu moja limebaki wazi,
na aproni yangu inatetemeka,
na hakuna anayesema kitu,
na wote wanaisikia.