Mabano

Dundee, saa tisa usiku. Hita nimeizima,
bili ya mwezi jana ilinitisha.
Nimevaa koti ndani ya nyumba.

Jana nilifuta maktaba nzima
nikidhani nimo kwenye mazingira ya majaribio.
Kumbe nilikuwa nje, kwenye mfumo wenyewe,
na kazi ya Rhona ya wiki sita ikaenda na maji.
Hakufoka. Aliniuliza tu:
“Hukujua uko wapi?”

Basi leo nafungua lile faili la nukta, lililojificha,
naandika mistari minne, naharibu mitatu.
Nimesahau kufunga alama ya nukuu;
kishale kinanikodolea
kama paka wa jirani anayenijua vizuri.
Narudia. Naam:

(chachu) $

Jina la kijani ndani ya mabano,
viganja viwili vimekinga maji.
Nikitoka, linafutika.
Nikiingia, lipo, kabla sijagusa kitu.

Tanga kumekucha. Simu inalia.
Mama hajawahi kuanza na salamu:
“Uko wapi?”
Miaka yote nilidhani ananichunga.

“Nimo ndani, mama,” nasema,
na macho yangu, kwa mazoea mapya,
yanaangalia kushoto kwanza.