Mjumbe wa Amu

Pate waleta waraka,
mlango wote wataka,
na mstari wameweka
hadi kwetu bandarini.

Tukaketi watu sita,
hatuna vyombo vya vita;
“hasimu” Shee kafuta,
akalitia “jirani”.

Katumwa Bwana Hishamu,
si shujaa, si imamu,
kina chote afahamu
cha maji ya mkondoni.

Kule kapewa kigoda
kifupi, si kama ada;
kakisifu kwa kaida,
kisha kaketi jamvini.

Akasema polepole,
hata mfalme wa kule
akainama kwa mbele
ayasikie ya chini:

“Mstari nimeuona,
umenyooka bayana;
ila maji, Maulana,
hayajatia saini.”