Kufumua

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingoni.
Ghorofa ya tatu, taa moja:
Bodrogi Ilka ameinamia hadubini,
koti jeupe juu ya sweta la kijani
lenye kiwiko cha kahawia.

Chini ya lenzi, kipande cha mafuta ya buu wa inzi,
hakifikii punje ya ulezi.
Buu hajala tangu saa tisa na dakika arobaini.
Ilka ndiye aliyemnyima; saa ameiandika daftarini
kwa kalamu ya risasi, bila kuomba radhi.

Sasa saa mbili usiku. Njaa imebisha hodi ndani ya seli
na hakuna anayepiga yowe.
Utando unaanza mahali palipokuwa patupu,
unajipinda kama kiganja cha anayekinga maji,
unaizunguka mitokondria kuukuu,
unafumba.
Kifuko kinakiendea kifuko cha pili, chenye uchachu na vimeng'enya,
na kilichokuwa kitu
kinakuwa vitu.

Bibi yake, Piroska, kipupwe cha hamsini na mbili,
hakununua sufu hata gramu.
Alilipakata sweta la marehemu,
akatafuta ncha ukosini, akavuta.
Mume akafumuka safu kwa safu: shingo, kifua,
mkono wa kushoto, wa kulia,
uzi mawimbi-mawimbi, ungali unakumbuka kila fundo.
Akaulowesha. Akautundikia jiwe.
Kufikia Pasaka watoto watatu walikuwa na soksi,
na baba yao alitembea kwa miguu sita.

Kwenye kioo cha pili yumo ndugu wa buu yule,
jeni moja imezimwa. Huyu hajui kufumua.
Seli zake zimejaa kama stoo ya bahili:
protini zilizokunjamana, mitokondria mbovu,
kila kitu kimewekwa, hakuna kinacholiwa.
Akiba haiozi, husema watu.
Ilka anasogeza lenzi.
Hapa imeoza.

Anarudi kwa wa kwanza, anahesabu vifuko: arobaini na kimoja.
Anahesabu tena: thelathini na tisa.
Anaandika yote mawili.

Tumbo linanguruma. Kwenye droo mna mkate,
mafuta ya nguruwe, kitunguu ndani ya gazeti.
Anaifungua. Anaifunga.
"Ngoja kidogo," analiambia, "humo ndani bado mna kazi."
Uzi wa kahawia umechomoza kiwikoni.
Anachukua mkasi,
anauweka chini,
anaurudisha uzi ndani kwa ncha ya kidole.