Daftari la Sufuri

Kipupwe hakibishi hodi hapa Mtae.
Unalala na shuka moja, unaamka
miguu umeikunja kama kuku wa sokoni,
na mplamu wa nyuma ya choo
umeangusha majani usiku, yote, bila kuaga,
mekundu, mengine yamenata kwenye bati.

Huko chini Mkomazi nchi imekauka,
rangi ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa.
Upepo unapanda na vumbi lake,
unagonga ukingo wa mlima,
unakuta baridi yetu, wanagombana
mpaka saa nne, jua lije kuamua.

Mama Hoza amefungua belo la masweta.
Mwenyewe kavaa mawili, la juu lina mnyama
mwenye pembe kama matawi makavu.
"Huyu naye," anasema, "kakimbia baridi ya kwao
akaja kuangukia ya kwetu."

Mimi kazi yangu ni chupa.
Iko nyuma ya zahanati, ndani ya uzio wa waya,
chupa ya kupimia mvua. Baba aliitunza
miaka thelathini na moja,
kila asubuhi saa tatu kamili,
Shekulwavu, koti la kaki, penseli sikioni,
kifungo kimoja kimetoka kwenye gauni la mama.
Sasa koti ni langu. Mikono yake inanimeza vidole.
Kifungo sijakibadili.

Juni: sufuri. Sufuri. Sufuri.
Utotoni nilidhani anachora mayai.
Nikamuuliza, kwa nini usiandike mara moja tu
"hakuna", kisha ukalala?
Akasema, siku isiyo na mvua nayo ni siku.
Iandikie.

Leo ukungu umeshuka mzito.
Kengele ya kanisa tuliisikia, mnara hatukuuona.
Watoto wa shule walipita wakiwa sauti tupu,
"onga makeo, onga makeo,"
nami nikiitikia hewa.

Nikaitoa chupa. Ndani, tone.
Si mvua. Mvua haikunyesha,
nilikuwa macho usiku kucha.
Ukungu umejipangusa uso kwenye mdomo wa shaba,
ukaacha jasho lake.
Nikalimimina kwenye mrija wa kioo:
halikufika hata mstari wa kwanza.

Nikasimama, penseli imeganda mkononi.
Sufuri ni uongo. Namba nyingine sina.
Nikafunua kurasa za nyuma, Julai za zamani,
kutafuta asubuhi kama hii.
Ipo. Ni wiki ile tuliyomzika mama.
Kwenye chumba cha tarakimu,
kwa mwandiko wake unaolalia kushoto,
baba hakuchora yai.
Aliandika: unyevu.

Nami nikaandika hivyo hivyo.
Nikafuta kidole kwenye koti,
nikaenda kufagia majani ya mplamu
ambayo, kusema kweli, hayakuwa yote.