Muzigo

Bwaise, chumba kimoja cha kupanga hukiita muzigo.
Mimi mtoto wa kambini, Kiswahili nimekinyonya Bombo,
kila wanapolitaja nasikia mzigo,
na kila ninapoingia na futi yangu ya chuma
nainama kidogo, kama anayetwishwa.

Mita tatu kwa tatu na robo. Andika.
Dirisha moja, ukubwa wa sinia. Andika.
Limezibwa kwa gunia, maana mtaro uko chini yake.
Ukutani mstari wa matope, usawa wa goti langu,
na mwingine juu yake, wa Aprili ile nyingine.
"Huo usiuandike," asema Akiteng. "Huo tunaujua."

Mwanawe Opolot hulala amekaa.
Kifua chake hupiga filimbi usiku kucha
na mama yake huhesabu: filimbi, kimya, filimbi,
jiko la mkaa likipumua nao mle mle ndani
kwa sababu nje kuna mvua, kwa sababu nje kuna wezi wa sufuria.
Zahanati wanampa dawa ya kuvuta,
kisha wanamrudisha kwenye moshi.

Nilirudi ofisini nikachora.
Nilichora kama mtu aliyetukanwa:
madirisha mawili yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule
bila kubisha hodi;
jiko lenye bomba la moshi, dari iliyonyanyuka,
choo ambacho msichana atakiendea saa nane za usiku
bila kumwamsha kaka.

Nikawapelekea. Tukaitandaza karatasi juu ya pipa.
Nnalongo Nakiwala akaigeuza, akaigeuza tena.
"Na pa kukaa?"
Nikamwonyesha chumba, kitanda, meza.
"Hapo ni pa kulala. Nauliza pa kukaa."
Akaokota kipande cha mkaa, akachora mbele ya milango
mstari mnene, mweusi, mlango hadi mlango.
"Hapa tunamenya matooke. Hapa ndipo tulipogundua
kwamba Lamunu hajatoka siku mbili,
tukavunja kitasa, tukamkuta bado anapumua.
Ukimfungia kila mtu kwake, nani atatuhesabu?"

Baraza, basi. Nikaweka baraza.

Kwenye kikao cha bajeti bwana Tumuhimbise alilikata kwa kalamu nyekundu.
"Eneo lisilolipa kodi," alisema, kwa upole,
kama daktari anayetaja kidole cha kukatwa.
Sikubishana. Baba alikuwa fundi wa jeshi,
alinifunza kwamba ukuta ukikataa msumari
huongezi nyundo, unatafuta upenyo.
Nikarudi na mchoro mpya:
KINGA YA MAFURIKO, zege, kimo sentimita sitini,
upana tisini.
Akataka kujua kwa nini tisini.
Nikamwambia maji ya Bwaise hayana adabu.
Akatia sahihi.

Tisini ni mwanamke, mgongo ukutani,
beseni la ndizi mapajani,
na upenyo wa mtoto kupita asikanyage maganda.
Hilo sikuliandika popote.

Jana nilikwenda na futi, kwa mazoea tu.
Mvua ilikuwa imenyesha; maji yalifika,
yakalamba zege, yakaondoka.
Juu yake walikaa wanne, na kisu kimoja kikizunguka.
Opolot siku hizi hulala chali, aliniambia Akiteng,
ila yeye bado huamka kuhesabu,
na kimya kinamtisha.

Na namba sita wameshaziba dirisha moja kwa boksi.
Sijui ni mbu, ni mwizi, au ni jirani anayechungulia.
Nilitoa daftari.
Nnalongo akasogeza beseni, akapiga zege kwa kiganja.
Nikaketi kwanza.