Maji ya Pangoni

Mfereji ulikohoa siku tatu,
ya nne ukanyamaza.
Mimi, msoma mita za watu kule Mjini,
mwandika namba na madeni,
nilisimama mbele ya bomba la mama, Maziwang'ombe,
nikaligonga kwa kijiko
kama anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Ndani, mama angoja kuoshwa mgongo.
Vidonda vya kulala havisubiri zamu ya maji.
Muhogo umemenywa, sufuria kavu, mafiga baridi,
na dumu la mchuuzi shilingi elfu:
nilipiga hesabu mara mbili, haikupungua.

"Twende zetu pangoni," alisema Kazija, mtoto wa dada,
miaka tisa, ndoo yake yamfika kiunoni.
"Sasa?"
"Sasa hamna kitu. Maji yaja usiku.
Leo bamvua."
Nikacheka. Bahari ni bahari, kisima ni kisima.
Michoro ya mabomba naijua kwa moyo.
Lakini nikasokota ngata.

Uwanda wa mawe makali, kandambili zalia,
vichaka vimekunjana kwa upepo wa chumvi,
komba juu akilia kama mtoto aliyenyimwa.
Kazija alinishika kidole cha shahada
akaniteremsha, jiwe kwa jiwe,
mpaka mbalamwezi ikabaki juu, tundu tu.

"Keti. Zima tochi."
Nikazima.
Kwanza giza, kisha giza zaidi,
kisha (sijui niseme sauti au niseme pumzi)
jiwe likanong'ona chini ya nyayo zangu,
likanyonya, likatema,
na kitu baridi kikanigusa vidole vya miguu.
Kikapanda kisigino.
Kikafika fundo.

Nyuma yetu, mwendo wa robo saa, bahari ilikuwa ikijaa,
na huku ndani, pasipofika wimbi,
ilikuwa ikiyainua maji matamu
kama mtu anyanyuaye mtoto mabegani aone harusi.

Nikachota kwa kiganja, nikaonja.
Chumvi kidogo, kama jasho la juu ya mdomo.
Miaka kumi na mmoja nimeandika "maji" kwenye fomu;
sijawahi hata siku moja
kuwepo yanapowasili.

Kazija aliwasha tochi, ameifunika kwa upindo wa kanga.
Ndipo nikawaona: kamba wadogo,
weupe kama kucha za mtoto mchanga,
hawana macho,
wanapanda pamoja na maji, wanapapasa.
"Hawa ndio wenyewe," alisema. "Tuwapishe."

Mgongo wa mama unauma.
Tukawapisha hata hivyo, pumzi kumi, labda ishirini;
sikuhesabu. Mimi! Sikuhesabu.
Kisha kata ikazama.
Ndoo, ndoo, dumu.

Nilimwosha mama kwa maji ya vuguvugu,
taratibu, nikipita kando ya vidonda,
na ngozi yake ikashusha pumzi.
Muhogo ukachemka, ukapasuka, ukatoa unga wake.
Tukala kwa dagaa wawili wawili
na Kazija akalala na kipande mkononi.

Njaa iliposhuka ndipo nilipomwona:
mmoja, ndani ya ndoo,
azunguka ukingo, apapasa plastiki,
atafuta jiwe lake.

Saa saba ya usiku. Shingo yaniuma.
Mama akafumbua jicho moja.
"Umeleta mgeni?"
"Mmoja tu, mama."
"Tu?"
Akanyamaza. Nikadhani usingizi umemchukua.
"Kamrudishe maji hayajapwa.
Mie n'shakula, n'shaoga. Sina haraka nawe."

Kumbe na yeye.
Kumbe miaka yote ile, na ndoo kichwani, na mimba tumboni,
na yeye alikuwa akiketi gizani, akiwapisha.

Nikatoka na bakuli, peke yangu, tochi kwapani.
Mwezi ulikuwa umeingia bakulini, ukitikisika,
naye asiye na macho akiupasua, akirudi, akiupasua tena.
Na miguu yangu, iliyokwisha shiba,
ikayatafuta mawe yenyewe.